Palipoitwa Kwa Mfinyanzi

Kabla majirani hawajafungua madirisha, cherehani ya Fundi inakuwa imeshaanza kusema. Chumba chake ni kimoja na kazi zake ni mbili. Mchana ni duka la kushona. Jioni, vitambaa vikisogezwa, ni sebule. Upande mmoja ipo meza ya kukatia, na juu yake mkasi mkubwa ambao ole wake atakayeutumia kukatia karatasi. Upande wa pili kipo kiti chenye mto, na kwenye kiti hicho hukaa Bibi.

Bibi ni mama yake Fundi. Wenzake wa umri ule huketi wakisimuliana maumivu kwa zamu. Yeye ana kazi. Hufumua nyuzi za muda, zile zinazoshikilia nguo kabla haijapitishwa kwenye cherehani. Zamani aliifanya kazi hiyo kwa macho. Siku hizi anaifanya kwa vidole, na vidole havijamwangusha. Wateja husimama mlangoni kumtazama tu. Uzi hutoka mzima, kitambaa hakipati hata kovu.

"Macho yangu yanafunga duka," Bibi hupenda kusema. "Lakini mlango sijaufunga. Kuna mteja mmoja namsubiri."

Mteja huyo ni Chiriku.

Chiriku ni mdogo wake Bibi. Jina hilo la utani alipewa na Bibi mwenyewe, kwa sababu mtoto yule aliamka akisema na akalala akisema. Alipokuwa mdogo sana alipelekwa kulelewa na mama yao mdogo, ng'ambo ya mto. Haikuwa mbali. Mtu akipiga kelele upande huu, alijibiwa upande ule.

Kisha serikali ikajenga bwawa. Kijiji chao kilikuwa bondeni, na bonde lilitakiwa na maji. Bibi alipandishwa lori pamoja na wazazi wake, wakapelekwa mlimani. Watu wa ng'ambo walipandishwa lori jingine, likaelekea kwingine. Wakubwa walisema watakutana mambo yakitulia. Mambo yakatulia, watu wasikutane. Mama mdogo akahama tena, na tena. Katikati yao maji yakajaa.

Bibi hakuwahi kulia mbele ya wanawe kwa ajili hiyo. Lakini macho yalipoanza kufifia, alimwambia Fundi kwamba angependa kuuona uso wa Chiriku wakati bado anaweza kutofautisha uso na sufuria.

Fundi aliingia kazini. Alichukua karatasi ndefu ya kahawia, ile ya kuchorea mitindo ya nguo, akaibandika ukutani. Juu yake akaanza kuupanga ukoo. Kila mtu alipewa kipande cha kitambaa. Baba yake Bibi, aliyesifika kwa maringo, alipata kipande cha suti. Shangazi mmoja mkali alipata turubai. Chiriku alipata kitambaa cha maua, chenye rangi za kugombana. Juu ya kila kipande Fundi alishikiza kikaratasi kwa pini: jina la mtu, na mahali alipozaliwa. Kisha akapiga picha ukuta mzima, akawatumia ndugu kwenye kundi lao la simu. Akawaomba wajaze wanayoyajua, na waisambaze kwa marafiki.

Ni jambo la kumvulia mtu kofia. Wengi husema watatafuta ndugu zao, kisha wakaishia kutafuta rimoti. Fundi alitafuta kweli.

Shida ilianza ndugu walipoanza kumsaidia.

Kaka yake mkubwa alikuwa karani mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Bwana Muhuri, kwa kuwa aliamini kitu kisichogongwa muhuri hakijatokea. Yeye aliangalia majina yanayotumika leo, akaandika kwamba baba yake Bibi alizaliwa Bwawani. Ndivyo eneo lile linavyoitwa siku hizi, na kwa Bwana Muhuri leo ndiyo siku pekee iliyosajiliwa. Binamu yao, dereva wa lori, aliulizwa kuhusu mama yake Bibi. Akaandika "Mjini". Hakutaka kusumbua watu kwa majina madogo madogo, na mji ule wa wilaya kila dereva anaujua. Fundi naye, kwa Bibi, aliandika alilolisikia tangu utotoni: Mawe Matatu.

Basi ukutani baba alizaliwa Bwawani, mama Mjini, na mtoto wao Mawe Matatu. Binti wa Fundi aliutazama ukuta ule, akasema wazee wake walikuwa wakizaliwa huku wanakimbia polisi.

Wote walicheka. Hakuna aliyerekebisha.

Siku moja akaja kijana. Alikuwa fundi wa friji, mwembamba, mwenye mkoba wa vifaa begani. Rafiki wa rafiki alikuwa amemwonyesha ile picha ya ukuta. Alisalimia kwa adabu, akakataa kiti mpaka aliposhurutishwa. Akaeleza kwamba bibi yake mzaa mama hutaja dada aliyepotezana naye watu walipohamishwa kupisha bwawa. Asubuhi hiyo Bibi alikuwa amepelekwa kliniki ya macho. Bwana Muhuri alikuwepo dukani pamoja na Fundi, na ndiye aliyeshika usukani wa maswali.

Jina la bibi wa yule kijana halikulingana na la Chiriku. Hilo halikumtisha mtu. Mtoto akilelewa na wengine, akihama, akiolewa, jina huweza kubaki njiani. Bwana Muhuri akakohoa kama anayefungua kikao.

"Mtu hubadili jina," alisema. "Mahali hapabadiliki. Bibi yako alizaliwa wapi?"

"Kwa Mfinyanzi," kijana alijibu.

Bwana Muhuri akautazama ukuta. Bwawani. Mjini. Mawe Matatu. Alitafuta Kwa Mfinyanzi kama anayetafuta chumvi kwenye kopo la sukari. Akauliza tena, na kijana akajibu vilevile. Bibi yake hakuwahi kutaja jina jingine. Bwana Muhuri akamfahamisha kwamba yeye binafsi amefika Mawe Matatu, ule mji mdogo wa mlimani. Ameutembea mwanzo hadi mwisho. Kuna duka la dawa, kuna mashine ya kusaga, kuna mtu anauza matairi. Mfinyanzi hayupo, wala hakuna aliyewahi kumsikia.

Akamshukuru kijana kwa kuja, akamnunulia soda, akamsindikiza hadi mlangoni. Alipodhani ameshafika mbali, akamwambia dada yake, Fundi, kwamba siku hizi wajukuu wa kujipachika ni wengi kuliko nzi.

Kijana hakuwa amefika mbali. Alirudi hatua chache, akaiweka chupa ya soda kizingitini, bado ina nusu, akaenda zake.

Bibi hakuambiwa. Kuna wakati alikuja mwanamke mmoja aliyedhaniwa ndugu, ikabainika siye, na Bibi alikaa kutwa bila kula. Wanawe walikubaliana wasimpandishie presha tena. Nia ilikuwa njema. Lakini nia njema nayo hupimwa kabla ya kukatwa, kama suruali.

Mtaani hapo anaishi mwanamke anayeitwa Mama Ramani. Alikuwa mpima ardhi mpaka alipostaafu. Alipanda milima na kushuka mabonde na vigingi vyake wakati ambao watu walimwuliza kila kituo mume wake yuko wapi, naye akawajibu kwamba bado hajapimwa. Hatua zake ni ndefu mpaka leo. Ukimsindikiza dukani, unarudi unahema. Wala hana ule unyenyekevu wa kujifanya hajui. Akijua, husema anajua. Asipojua, husema hajui kwa sauti ileile, na hapo ndipo watu walipompendea.

Alikuja kupunguziwa gauni. Alikuwa amesimama juu ya stuli, Fundi amepiga magoti chini na pini mdomoni, macho ya mgeni yalipoangukia ukutani. Aliusifu sana ukuta ule. Alisema ameona ramani nyingi, nyingine zikiwa na saini za wakubwa, lakini ukoo uliokatwa vizuri hivi hajauona. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayenusa jambo, ilikuwaje baba, mama na mtoto wakatoka pande tatu za dunia.

Fundi akatoa pini mdomoni, akaeleza. Mmoja aliandika jina la leo. Mmoja aliandika mji wa karibu. Yeye aliandika lile la utotoni. Akauliza kama si yote ni kweli.

"Yote ni kweli," Mama Ramani alisema. "Ndiyo maana yanakupoteza. Uongo ungekuwa umeshaugundua."

Bwana Muhuri alikuwa kwenye kona, nyuma ya gazeti. Akajibu kutoka hukohuko kwamba mahali ni mahali, hapabadiliki.

"Ardhi haihami, kaka yangu. Majina ndiyo yanahama," Mama Ramani alimwambia. "Nimepima sehemu zenye majina mengi kuliko mwizi."

Akawaeleza aliyoyaona kazini. Watu wakihamishwa kupisha bwawa au barabara, hubeba sufuria, kuku, na jina la kijiji. Wanakofika, jina hulitua chini pamoja na sufuria. Kwa hiyo Mawe Matatu ya mlimani, yenye duka la dawa na muuza matairi, siyo Mawe Matatu ya bondeni. Ni jina lilelile lililosafiri kwa lori. Anayemtafuta mzee wa bondeni kwa kuwauliza watu wa mlimani ni kama anayetafuta koti lake mwilini mwa mtu mwingine kwa sababu rangi zimefanana.

Gazeti la Bwana Muhuri lilishuka kidogo. Yakaonekana macho.

Mama Ramani akashuka kwenye stuli, pindo moja juu, jingine chini, akataka kujua Fundi huandikaje vipimo vya wateja. Fundi akamwambia: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Ni hivyo siku zote? Siku zote, kwa kila mteja. Akichanganya mpangilio, kiuno cha mtu kitakuwa kifua cha mwingine. Na kipimo asichokuwa nacho? Huacha nafasi wazi, hakisii. Na mteja akinenepa?

"Naandika kipimo kipya na tarehe yake," Fundi alisema. "Cha zamani sikifuti. Gauni la zamani lilishonwa kwa kipimo cha zamani."

Mama Ramani akampigia makofi, na hakuwa anatania. Akamwambia kwamba kazi yote ya kuandika historia ya ukoo tayari anayo mikononi. Kosa lake ni moja tu: amewafanyia wateja heshima hiyo, babu zake amewanyima.

Wakaanza upya palepale. Mama Ramani alisema mahali paandikwe kuanzia padogo kwenda pakubwa: kitongoji kwanza, kisha kijiji, kisha wilaya, kisha mkoa, kisha nchi. Mpangilio uwe uleule kwa kila mtu ukutani, awe babu, awe mtoto wa juzi. Jina linalotangulia liwe lile lililotumika siku tukio lilipotokea. Jina la leo lifuate, likiwa na neno "sasa" mbele yake, ili anayetaka kupatafuta asikwame. Pasipojulikana pabaki wazi. Kuandika "Mjini" kwa sababu mji uko karibu ni kumhamisha mama wa watu bila hata lori. Na kila mahali pawe na jina la aliyesema, maana habari bila mwenyewe ni kama nguo iliyookotwa. Huwezi kujua wa kumrudishia.

Bwana Muhuri akauliza, safari hii kwa sauti ya mwanafunzi, kama haitoshi kuchagua jina moja zuri na kulitumia kwa wote. Mama Ramani akamwambia kwamba kuandika kwa utaratibu mmoja si kulazimisha jina moja. Majina yote yana kazi. Yakae tu kila moja kwenye kiti chake.

Kisha akasema kuna kitu bado: swali lenyewe. Ukimwuliza mzee anatoka wapi, atakupa jina analodhani wewe utalijua. Muulize palivyoitwa wakati ule, na nani alipaita hivyo.

Muda wote huo Bibi alikuwa kitini, anafumua nyuzi, kimya kama asiyesikia. Alikuwa anasikia kila kitu. Mama Ramani akavuta stuli, akakaa karibu naye.

"Bibi, ulipokuwa mtoto, mama yako akiwaambia mrudi nyumbani, nyumbani alipaitaje?"

Vidole vya Bibi vikasimama.

"Mawe Matatu ni jina la kibao," alisema. "Kibao kilikuja nimeshakuwa wa kuchota maji. Walituunganisha vitongoji, wakatupa jina. Kabla ya hapo palikuwa na mzee mfinyanzi kwenye kona ya mto. Vyungu vyake vilikuwa vinavuja, ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Sisi tumezaliwa pale. Mama alipaita Kwa Mfinyanzi."

Mkasi mkubwa ulianguka sakafuni. Fundi hakuuokota.

Alimwuliza mama yake kwa nini miaka yote hakuwahi kulitaja jina hilo.

"Mliniuliza kwetu wapi," Bibi alisema. "Nikawapa jina la mahali basi linakokwenda. Kwa Mfinyanzi basi haliendi, mwanangu. Pako chini ya maji."

Akaongeza, kama jambo dogo, kwamba Chiriku alipelekwa ng'ambo kabla ya kibao. Mawe Matatu angelitoa wapi? Yeye alilijua moja tu.

Bwana Muhuri alikunja gazeti. Akalikunja tena, na tena, mpaka likawa dogo kama sabuni. Wengine wangetafuta namna ya kumtuma dada yao aseme. Yeye alisimama, akaja akachuchumaa mbele ya kiti cha mama yake, na magoti yake ya ukarani yakalia.

"Mama, mjukuu wa Chiriku alikuja hapa. Labda ndiye. Alisema Kwa Mfinyanzi, na mimi nikamfukuza kwa soda."

Bibi alitafuta uzi kwa kidole, akaupata, akauvuta mpaka ukatoka wote.

"Basi mfuate kwa miguu," alisema.

Fundi alitaka waondoke saa hiyohiyo. Mama Ramani akawazuia. Aliwakumbusha kwamba jina moja si ushahidi; popote penye udongo mzuri huenda palipata kuitwa Kwa Mfinyanzi. Wakimkimbilia kijana na furaha yao, watamwambia wanayotaka kuyasikia, naye atawarudishia. Walihitaji alama ya pale, kitu ambacho hata wakibadilisha vibao mara kumi hakiondoki. Na wasimpe jibu. Wamwulize tu.

Bibi akafikiri. Akasema ukisimama mlangoni kwa mama mdogo, kulia kwako kulikuwa na kitu ambacho mtoto yeyote wa pale hawezi kukisahau. Akamnong'oneza Bwana Muhuri sikioni.

Karakana ya kijana, waliyoelekezwa na yule rafiki aliyemwonyesha picha, ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya maduka. Friji zilisimama kwa mstari, milango wazi, kama watu waliopigwa na bumbuwazi. Kijana alikuwa amelala chini, kichwa nyuma ya mojawapo, tochi mkononi. Aliviona viatu kwanza. Vilikuwa viatu vya karani, vimepigwa rangi.

"Leo mzee umekuja na soda?" aliuliza akiwa hukohuko.

"Nimekuja na samahani na swali," Bwana Muhuri alisema. "Samahani kwanza."

Akaisema yote, amesimama, mafundi wengine wakisikiliza bila aibu. Alisema alipima jambo la zamani kwa kibao cha leo. Alisema neno lile la nzi lilikuwa lake na halina mwenye kulitetea. Kijana alitoka nyuma ya friji, akajifuta mikono kwa tambara, polepole zaidi kuliko ilivyohitajika. Hakutabasamu. Ila alimsogezea kreti la kukalia.

Bwana Muhuri hakukaa. Akauliza: mtu akisimama kwenye mlango wa yule mama mdogo aliyemlea bibi yake, kulia kwake kulikuwa na nini?

Kijana hakujua. Akaona heri amwulize mwenyewe. Akapiga simu, akaweka sauti ya wote kusikia. Sauti ya bibi kizee ilitoka kwenye simu ikiwa tayari imeshaanza kuongea. Ilimlaumu mjukuu kwa kutokula, ikapita kwa jirani mwenye redio, ikarudi kwa mguu wake wa kushoto. Mafundi wakatazamana. Kijana alisubiri apumue, na alipopumua akalichomeka swali.

Kwa mara ya kwanza simu ilinyamaza. Kisha ikasema:

"Kulia? Kulikuwa na jiwe kubwa lenye shimo kama beseni. Mvua ikinyesha, maji yanabaki, ndege wanaoga. Dada yangu alinidanganya kwamba nikiyanywa yale maji nitapunguza maneno. Nikayanywa."

"Hayakusaidia," kijana alinong'ona.

 Alichonong'onezwa Bwana Muhuri na Bibi ni jiwe lilelile, beseni lilelile, ndege walewale. Mtu aliyegonga mihuri maisha yake yote hakuwa na pa kugonga. Uso wake ulilowa, akaacha ulowe.

Kijana akamshika mkono, akamsukumia kreti.

"Kaa, mjomba," alisema.

Kabla Chiriku hajafika, ukuta ulikuwa umeandikwa upya. Ndugu wote kwenye kundi la simu walielezwa utaratibu, na binti wa Fundi aliusimamia kwa ukali wa mkuu wa jela. Dereva wa lori aliandika "Mjini" mara ya pili, akarudishiwa. Akalalamika, kisha akaenda kumwuliza mama yake mzazi, na akarudi na jina la kitongoji, la mlima ulio karibu, na hadithi ya mbuzi ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia. Sasa baba, mama na mtoto wakaonekana walivyokuwa: watu wa nyumba moja. Kwenye kitambaa cha maua Fundi aliacha nafasi wazi. Hakukisia. Mwenyewe alikuwa njiani.

Chiriku alikuwa mdogo wa umbo, kitambaa kichwani kimekaa upande, na alikuja na mjukuu wake. Tangu kituo cha basi alikuwa anaongea. Aliongea uchochoroni, akawasalimia watu asiowajua, akaisifu rangi ya mlango. Kisha akaingia ndani, akamwona mtu aliyeketi kwenye kiti chenye mto.

Bibi alinyanyuka peke yake. Akapapasa hewa mpaka akaukuta uso wa mdogo wake. Akaushika kwa mikono miwili, akausogeza dirishani penye mwanga, akausogelea karibu sana, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Alitazama kwa muda mrefu. Paji. Pua. Kidevu kilekile cha baba yao.

Chiriku alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaufunga, akaufungua tena, akabaki anatikisa kichwa, machozi yanashuka hadi kwenye vidole vya dada yake.

"Yale maji yamefanya kazi," Bibi alisema.

Walicheka mpaka wakalazimika kukalishwa.

Maneno ya Chiriku yalirudi baadaye, yote, pamoja na riba. Wale wazee wawili walikaa bega kwa bega, na walipoulizwa nyumba ya mfinyanzi ilikuwa upande gani wa kona ya mto, wakajibu pamoja majibu mawili. Mmoja alisema juu ya kona, mwingine chini yake. Walibishana kwa raha ya watu waliocheleweshwa. Bwana Muhuri alimgeukia Mama Ramani ili aamue.

"Sikuwepo," Mama Ramani alisema. "Andikeni yote mawili, na nani alisema lipi."

Fundi akachukua kalamu. Kwenye kikaratasi cha Chiriku akaandika kwa herufi kubwa, ambazo mama yake angeweza kuzisoma kwa nuru iliyobaki machoni mwake: Amezaliwa Kwa Mfinyanzi, kwenye kona ya mto. Baadaye kijiji cha Mawe Matatu ya bondeni. Sasa Bwawani, chini ya maji. Akafuatisha wilaya, mkoa na nchi, kwa mpangilio uleule wa wengine wote. Mwisho akaandika: Amesema mwenyewe.

Akakishikiza kwa pini juu ya kitambaa cha maua, karibu na kipande cha Bibi.

Bwana Muhuri alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mfukoni. Alikohoa. Akauliza, kama anayeomba kipande cha mwisho cha mkate, kama familia ingemruhusu. Kisha akautoa muhuri wake wa zamani, ule wa tarehe.

Walitazamana. Chiriku ndiye aliyejibu, kwa ufupi ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake.

"Mpeni."

Akaugonga mara moja, taratibu, pembeni, pasipo na maandishi.